Mvua ya Jumatano

Mji ule uko juu milimani, lakini si juu kiasi cha kumgandisha mtu. Duka la makoti liliwahi kufunguliwa pale, likafungwa kabla rangi ya mlango haijakauka. Duka la feni nalo likafunguliwa, na mwenyewe akaishia kuuza ndoo. Jua la huko ni la kuota, si la kukimbia. Mgeni akishuka kwenye basi huvuta pumzi akasema, "Huku kwenu hali ya hewa ni moja tu mwaka mzima," na wenyeji humwachia maneno yake, maana bado hajakaa.

Akikaa ataona mwenyewe. Januari na Februari anga ni kavu, buluu mpaka macho yanauma, na vumbi jembamba linaingia hata kwenye kabati lililofungwa. Katikati ya Machi masika huanza, tena kwa ratiba kama ya mtu aliyeajiriwa: asubuhi kweupe, jua la kuanikia nguo, saa saba mawingu yanakusanyika kama watu waliosikia ugomvi kwa jirani, saa tisa mvua. Jioni inakatika, ardhi inafuka mvuke, kesho yake vilevile. Juni hadi Agosti mvua ya maana hakuna, ila ukungu na manyunyu. Watoto huenda shule kwa kufuata sauti za wenzao, na shati hukaa kambani siku tatu likinuka ubichi. Septemba jua linarudi na watu wanasalimiana kwa sauti kubwa zaidi. Katikati ya Oktoba vuli nayo inabisha hodi.

Aliyeyajua hayo kwa tarakimu alikuwa mwanamke mmoja mfupi, mwenye miwani iliyofungwa kamba nyuma ya kichwa, ambaye mji mzima ulimwita Mama Mvua. Kazi yake ilikuwa kituo kidogo cha hali ya hewa, nyuma ya ofisi ya maji: uzio wa waya, mlango wenye kufuli, kibanda cha kuandikia, kisanduku cheupe juu ya miguu minne, na kipima mvua kilichosimama kwenye majani mafupi kama kopo lililosahauliwa. Kila siku saa tatu asubuhi, ijapokuwa sikukuu, ijapokuwa ana homa, alikwenda, akatoa chupa iliyomo ndani ya kile kipima mvua, akamimina maji kwenye gilasi ya kupimia, akainama mpaka jicho likawa sawa na maji, akasoma. Kisha akaandika daftarini, kwenye mstari wa jana. Ndiyo sheria ya kazi ile: maji unayoyakuta asubuhi ni ya mvua iliyonyesha jana, basi yaandikwe jana. Miaka thelathini na mmoja alifanya hivyo, na katika miaka yote hiyo daftari lake halikuwa na mstari uliokatwa.

Watu walimtania. Aliyemtania zaidi alikuwa fundi mwashi mmoja waliyemwita Timazi, kwa sababu alitembea na ile kamba yenye risasi nchani ya kupimia kama ukuta umesimama wima, na hakuona haya kuitoa hata sebuleni kwa watu akapima picha iliyotundikwa. Kila akimkuta Mama Mvua njiani, alipaza sauti:

"Mama, sisi tunalowa, wewe unahesabu!"

"Na wewe jenga," naye humjibu, "mimi nahesabu utakavyovuja."

Wakacheka, kila mtu akashika njia yake.

Mwaka huo, mwishoni mwa Agosti, utani ule ulikufa ghafla.

Zahanati ya mji ilikuwa ikijengewa chumba kipya cha kujifungulia. Timazi ndiye aliyemwaga zege la dari mwezi wa Aprili, siku ya Alhamisi, masika yakiwa yamekolea. Mwezi wa Julai ukaonekana ufa. Ulianza kama unywele juu ya dirisha, ukatambaa, hata Agosti ilipokwisha ulikuwa umevuka chumba kizima, na muuguzi mkuu, ambaye kila mtu alimwita Sista, akakataa kuingiza kitanda hata kimoja. "Siwezi kumwambia mzazi asukume huku nikiangalia juu," alisema.

Mwenyekiti wa kamati ya ujenzi, mwenye kiwanda cha mbao kilichoko chini ya soko, alikuwa na jibu tayari. Fundi alimwaga zege mvua ikinyesha, maji yakazidi, zege likalegea. Timazi akaapa kwamba siku ile ilikuwa kavu. Nani akumbuke? Masika mvua ilinyesha karibu kila siku, na vibarua waliobeba ndoo za zege walishatawanyika. Mmoja aliyepatikana alisema ilinyesha. Alipoulizwa ana hakika gani, alisema, "Kwani kuna siku haikunyesha?"

Ndipo wilaya ikamtuma mkaguzi wa majengo, kijana mpole mwenye viatu vilivyojaa tope, na mkaguzi akapanda moja kwa moja mpaka kituoni.

"Mama, nahitaji nakala ya mvua ya Alhamisi ile. Kama ilinyesha, fundi huyu hataruhusiwa tena kushika kazi ya serikali, na sidhani kama mtu binafsi naye atamwita. Kama haikunyesha, itabidi nitafute chanzo kingine."

Mama Mvua akafungua daftari, akashusha kidole kwenye ukurasa wa Aprili. Alhamisi: milimita thelathini na nne. Mvua ya kutosha kujaza mitaro. Mwandiko haukuwa wake. Zile zilikuwa siku tisa alizokwenda kwa binti yake aliyejifungua mji mwingine, akamwachia mumewe kituo. Lakini tarakimu zilikuwa safi, zimesimama kama askari. Akanakili, akagonga muhuri, akampa. Moyo ulimuuma kidogo kwa ajili ya Timazi, ila aliona hana la kufanya. Mvua ikinyesha imenyesha.

Kesho yake jioni, jua bado halijazama, Timazi akaja nyumbani kwake. Hakubisha hodi kwa utani kama kawaida. Alisimama mlangoni ameshika kofia.

"Karibu, mwanangu. Keti."

"Sikai, mama. Nimekuja kukuuliza kitu kimoja tu. Mimi na wewe tumekosana wapi?"

"Hatujakosana."

"Basi mbona umeninyeshea?"

Mama Mvua akaweka chini kikombe cha chai. "Mimi sinyeshi, baba. Mimi nasoma."

"Siku ile jua lilinichoma shingo mpaka ngozi ikabambuka. Mke wangu akanicheka, akasema naonekana kama kiazi kilichomenywa nusu. Jumatano ndiyo ilinyesha, tena sana, nikawaambia vibarua warudi makwao, zege halimwagwi. Alhamisi tukaanza alfajiri, tukamaliza saa tisa, na mvua haikuja. Nilimshukuru Mungu kwa sauti, watu wakanisikia." Akaikunja kofia mkononi. "Miaka kumi na minane ninajenga. Keshokutwa wanakaa kikao. Wakinifungia, nitafanya nini? Nikauze ndoo?"

"Daftari ndilo linalosema, mwanangu."

"Basi daftari lako na shingo yangu, kimoja kinasema uongo."

Akavaa kofia, akaondoka. Mama Mvua akabaki akiitazama chai mpaka ikafanya utando.

Mumewe alikuwa bafuni akinawa miguu. Alikuwa mwalimu wa hesabu, amestaafu, na mji wote bado ulimwita Mwalimu. Miaka arobaini alisahihisha madaftari ya watoto wa watu kwa wino mwekundu, na hata baada ya kustaafu hakuweza kusoma bango la duka bila kuguna. Mtu mnyoofu. Akirudishiwa chenji iliyozidi, atarudi hata kama amefika nyumbani.

Mama Mvua akatwaa ufunguo wa kituo, akapanda kilima kabla giza halijaingia. Alitaka kuuona ule ukurasa tena. Alikaa kwenye kiti cha mbao, daftari magotini, akasoma siku zile tisa kutoka juu. Jumanne, ile aliyosafiri: sifuri. Jumatano: kumi na tisa. Alhamisi: thelathini na nne. Ijumaa: sifuri.

Akarudi juu. Jumanne, sifuri.

Akavua miwani, akaifuta kwa pindo la kanga, akaivaa tena. Sifuri ilikuwa palepale.

Jumanne ile alikuwa stendi, saa tisa alasiri, anasubiri basi. Mvua ilimkuta pale pale. Ilimlowesha mpaka ndani, ikalowesha na kifurushi cha nguo za mtoto alichokuwa amekikumbatia, hata alipofika kwa binti yake kazi ya kwanza ilikuwa kuanika vinguo vya kichanga ambaye alikuwa bado hajavaa hata kimoja. Binti alicheka mpaka akashika tumbo. Mvua hiyo iko wapi hapa? Haikuandikwa. Au imeandikwa, ila imeandikwa Jumatano.

Kumi na tisa. Ndiyo hiyo. Na ile thelathini na nne ya Alhamisi, basi, ni ya…

"Mungu wangu," alisema peke yake, "Mwalimu ameihamisha mvua."

Alishuka kilima haraka kuliko umri wake ulivyomruhusu. Mwalimu alikuwa amekaa barazani, miguu safi, redio sikioni.

"Mwalimu, zima hiyo. Nilipokwenda kwa binti yako, maji ya asubuhi uliyaandika wapi?"

"Daftarini."

"Mstari gani?"

"Mstari wa siku niliyoyakuta. Kwani?"

"Sikukwambia uandike jana?"

Mwalimu akaweka redio chini taratibu, kama anayejiandaa kufundisha. "Uliniambia. Nikafikiri umechoka na safari, umechanganya. Mimi maji nimeyakuta Alhamisi, nimeyapima Alhamisi, kwa macho yangu. Niandike Jumatano, siku ambayo sikupima kitu? Huo si ni uongo?"

"Na ile Jumanne ukaweka sifuri."

"Ilikuwa na pengo. Daftari haliachwi na pengo. Hakuna aliyepima, basi sifuri."

"Hakuna aliyepima kwa sababu yalikuwa bado yananyesha, baba wewe! Yalikuwa yananinyeshea mimi!"

Mama Mvua alimweleza polepole, akitumia vikombe vya chai vilivyokuwa mezani, hiki Jumanne, hiki Jumatano, hiki Alhamisi, akimimina kutoka kimoja hadi kingine. Alipofika kikombe cha tatu Mwalimu alikuwa ameelewa, na kuelewa kwake kulionekana mabegani, yalishuka.

"Na ulivyorudi hukuona?"

"Siku niliyorudi palikuwa pakavu, na iliyotangulia pakavu. Sifuri yako na sifuri yangu zikakumbatiana. Sikuona." Akavuta pumzi. "Nami nikagonga muhuri jana bila kuuliza, kwa kuwa ni mwandiko wako. Nimemning'iniza mtu."

Jirani alikuwa akiita kuku wake.

"Rekebisha kimyakimya," Mwalimu alisema hatimaye, bila kumtazama. "Mwandikie mkaguzi kwamba nakala ilikosewa. Si lazima useme na nani."

"Watauliza. Na tena, sheria inasema nikisafiri niombe msomaji kwa barua. Sikuomba. Nilikuwa na haraka ya mjukuu. Wakijua, wanaweza kunifungia kituo."

"Ndiyo maana nasema kimyakimya."

"Nikisema kimyakimya, Mwenyekiti atasema nimehongwa kwa vicheko. Mji mzima unajua tunavyotaniana na Timazi. Nitasimama kikaoni, Mwalimu. Utakuja nami?"

Mwalimu akachukua redio. "Kusimama mbele ya wale niliowafundisha, niseme nimeshindwa kujua jana na leo? Hapana. Nenda wewe."

Hakumlazimisha. Ila kulikuwa na jambo lililomsumbua zaidi: neno lake lingetosha? Mvua ya stendi aliiona yeye peke yake, na nguo za mjukuu zilishakauka tangu Aprili. Alihitaji shahidi asiyekuwa na rafiki wala adui.

Alimkumbuka shahidi huyo asubuhi iliyofuata, akiwa kituoni. Kwenye nguzo fupi kulikuwa na gololi ya kioo, kubwa kama chungwa, imekaa kwenye kikombe cha chuma. Nyuma yake huchomekwa kadi ndefu ya rangi ya bluu. Jua likiwaka, ile gololi hukusanya miale na kuichoma kadi, mstari mwembamba wa kahawia unaotembea saa kwa saa. Wingu likipita, mstari unakatika. Kila siku jua likishazama kadi hutolewa, huandikwa tarehe, huwekwa kwenye kopo la biskuti. Na kadi haina jana. Inatolewa siku ileile iliyoungua. Hapo hata Mwalimu asingeweza kukosea.

Akalifungua kopo la kadi za Aprili. Akazipanga mezani. Jumanne: imeungua mpaka saa saba, kisha nyeupe. Jumatano: mpaka saa sita na nusu, kisha nyeupe. Alhamisi akaishika karibu na dirisha. Mstari ulianza saa mbili asubuhi ukaenda, ukaenda, mweusi na wa kina kama jeraha la kisu, mpaka karibu saa kumi na moja jioni. Haukukatika hata mahali pamoja.

"Shingo ya watu haikusema uongo!" alisema Mama Mvua.

Kikao kilikaa kwenye ukumbi wa wagonjwa wa zahanati, mabenchi yamesogezwa ukutani. Ukungu wa mwisho wa msimu ulikuwa unaning'inia dirishani. Mkaguzi alikaa mezani, Sista pembeni yake na sare yake nyeupe, Mwenyekiti katikati kama kawaida yake. Timazi alikaa mwisho wa benchi peke yake. Watu wengine walikuwa wamekuja kusikiliza tu, maana siku ile haikuwa na kingine cha kufurahisha.

Mwenyekiti akainua ile nakala. "Hapa hatuna maneno mengi. Milimita thelathini na nne, muhuri huu hapa. Fundi wetu alikuwa anachanganya zege au anapika supu?"

Watu wakacheka. Mama Mvua akasimama.

"Karatasi hiyo imekosewa," alisema. "Mvua hiyo ni ya Jumatano."

Kicheko kikafa. Mwenyekiti akamtazama juu ya karatasi. "Mama, wewe ndiye uliyegonga muhuri huu."

"Ndiye."

"Miaka thelathini na mmoja tunaambiwa daftari lako halikosei. Leo kijana anayekutania ana kesi, mvua inahama siku? Mimi nina mbao zangu zilizolowa mwaka juzi. Nazo nihamishie basi."

Wakacheka tena, wengine kwa kumwogopa. Mama Mvua akangoja. Alikuwa amengoja mvua nyingi katika maisha yake, hakuwa na haraka na kicheko. Kilipokwisha akaeleza: safari yake, siku tisa, barua ambayo hakuandika, maji ya asubuhi kuandikwa leo badala ya jana. Hakumtaja aliyeandika. Kisha akaweka daftari mezani mbele ya mkaguzi, akazitandika kadi zote tisa, Jumanne, Jumatano, Alhamisi, hadi ya mwisho, akaeleza gololi ya kioo inavyofanya kazi.

Mkaguzi akainama. Akaichukua ya Alhamisi, akaipitisha kidole.

"Hii imechomwa na jua lenyewe?"

"Lenyewe. Mimi siwezi kuichoma hivyo hata ukinipa mshumaa na wiki nzima."

"Lakini," Mwenyekiti akadakia, "nani aliandika tarehe hizi? Huyohuyo aliyekosea daftari! Mtu asiyejua leo na jana, tutaamini vipi tarehe zake?"

Aliona Timazi ameinamisha kichwa. Ndipo mtu akakohoa mlangoni, kikohozi cha mtu aliyezoea kunyamazisha darasa.

"Aliyekosea ni mimi," Mwalimu alisema.

Alikuwa amevaa koti lake la kustaafia. Akapita katikati ya mabenchi, na nusu ya waliokuwa mle, waliowahi kupigia hesabu mbele yake, wakajikuta wanakaa wima.

"Kukosea daftari nilikosea kwa sababu nilidhani namjua zaidi mwenye kazi. Hilo ni langu, na aibu ni yangu. Lakini kadi nilizitoa jioni, siku ileile, na tarehe nikaandika siku ileile. Msiniamini. Pimeni." Akamgeukia Mwenyekiti. "Wewe nilikufundisha kutoa. Njoo hapa. Chukua daftari, usome tarakimu kwa sauti. Mkaguzi ashike kadi."

Mwenyekiti hakutaka kwenda, lakini miguu ilikwenda. Akasoma. Jumanne daftari lilisema sifuri, kadi ikawa nyeupe alasiri; Alhamisi lilisema thelathini na nne, kadi ikawa imeungua mpaka jioni. Mwalimu akasema, "Sasa rudisha kila tarakimu siku moja nyuma, usome tena." Akasoma tena. Kumi na tisa, Jumanne: kadi nyeupe alasiri. Thelathini na nne, Jumatano: nyeupe alasiri. Sifuri, Alhamisi: jua mpaka jioni. Siku zote tisa zikaingia mahali pake kama vifungo vya shati lililokuwa limefungwa upande.

"Sawa," mkaguzi alisema, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyetua mzigo. "Alhamisi haikunyesha. Fundi, sasa niambie. Zege lilipasuka kwa nini?"

Timazi akasimama. "Nilisema tangu Julai, nikaambiwa natafuta pa kujifichia. Masika zege halikomai haraka, kuna unyevu na ubaridi wa jioni. Mirunda, zile nguzo za miti zinazolishikilia kwa chini, ilitakiwa ikae wiki tatu kamili. Siku ya tisa nilikuja nikakuta imeng'olewa."

"Nani aliing'oa?"

Sista ndiye aliyejibu, akiangalia kucha zake. "Gari la kiwanda cha mbao lilikuja kuichukua. Nilitia sahihi mimi. Niliambiwa Mwenyekiti anaihitaji kwingine, na kwamba ufunguzi usicheleweshwe."

Mwenyekiti alikuwa bado ameshika daftari la Mama Mvua. Akalitazama kana kwamba lingempa pa kutokea. "Mimi nilidhani limekauka," alisema. "Kwa juu lilikuwa kavu."

Hakuna aliyecheka, na pengine hilo ndilo lililomuuma zaidi. Alikaa. Kisha, kwa sauti ya chini, akasema mirunda ataileta yeye mwenyewe mara hii, na itakaa mpaka fundi aseme.

Mkaguzi akaandika. Fundi hana kosa. Sehemu yenye ufa ibomolewe na imwagwe upya kabla ya vuli. Mama Mvua naye aliambiwa aandike barua makao makuu aeleze yote, na akaandika jioni ileile, kurasa mbili, bila kuficha safari wala mjukuu. Kwenye daftari akapiga mstari mwekundu juu ya siku tisa na kuandika upya pembeni.

Majibu yalichukua wiki tatu. Alionywa, mara moja tu, kwa maneno makali lakini mafupi. Chini yake walikuwa wameongeza kwamba kituo hakiwezi kubaki na msomaji mmoja katika umri ule, na wakaomba jina la msaidizi ambaye angefundishwa na kufanyiwa mtihani.

"Mtihani nani atausahihisha?" Mwalimu aliuliza.

"Mimi."

"Kwa wino gani?"

"Utauona."

Mwalimu alipata themanini na tano. Alilalamikia zile kumi na tano kwa siku nne.

Septemba ilikuwa kavu, ya jua jepesi, na zege likamwagwa tarehe ishirini na sita, kuanzia alfajiri. Timazi alimtumia mtu kumwuliza Mama Mvua kama mchana utabaki mkavu. Akajibu kwamba yeye hupima iliyokwisha kunyesha, ijayo si yake. Lakini akaenda mwenyewe akasimama kando ya ngazi ya miti waliyopandia vibarua, akitazama bondeni mawingu yanakopandia, mpaka ndoo ya mwisho ikapanda. Kwa sababu jua lilikuwa kali kwa zege bichi, akina mama wa zahanati waligawana zamu za kulimwagilia asubuhi na jioni, na Sista alisimamia kama anayegawa dawa.

Vuli ilikuja tarehe kumi na tisa Oktoba, saa tisa na robo. Ilianza na upepo uliopindua majani ya miti kuonyesha upande mweupe, kisha matone makubwa yenye harufu ya vumbi, kisha yote kwa pamoja. Watu waliokuwa uani wakakimbilia ndani ya chumba kipya: Sista, Timazi, wazazi wawili wenye matumbo makubwa, na Mama Mvua aliyekuwa amekuja kusalimu tu. Walisimama katikati ya mirunda kama watu walioingia msituni, nyuso zao juu. Mvua ilipiga dari kwa ngurumo nzito isiyo na kelele ya bati.

Timazi alipita ukutani akigusa kwa kiganja, kona hadi kona. Kukavu. Akarudi, akagusa tena.

"Mirunda hii," Sista alisema, "haitoki hata nikiambiwa kuna mkubwa gani anakuja kukata utepe."

"Tarehe tisa Novemba," Timazi akasema. "Wiki tatu zimetimia, nami naiongezea tatu nyingine. Nitaitoa kwa mkono wangu, mmoja mmoja." Akamgeukia Mama Mvua, na kwa mara ya kwanza tangu Agosti uso wake ulikuwa na ule utani wa zamani. "Mama, unahesabu?"

"Nimeshaanza."

Mmoja wa wale wazazi akashika kiuno, akasema kwamba chumba kina joto zuri. Sista akamtazama kwa makini, akamwambia asithubutu, bado vitanda havijaingia.

Ndipo mlango ukafunguliwa na Mwalimu akaingia, anatiririka maji kutoka utosini hadi viatuni. Koti la kustaafia lilikuwa limemganda mwilini. Kwapani alikuwa amebana mwavuli, umefungwa vizuri na kifungo chake, mkavu kabisa.

"Mwalimu!" Mama Mvua akapiga kiganja shavuni. "Huo mwavuli umeharibika?"

"Hapana," Mwalimu alisema, akihema. "Ni wako. Nimekuletea usilowe."